Mrejesho: LDH ya mwanangu ilikuwa juu sana

Wapendwa, niliuliza hapa kama LDH (kimeng'enya kinachopimwa kwenye damu) iliyozidi mara mbili ya kiwango cha kawaida ina maana kwamba mwanangu mwenye limfoma ya Burkitt (saratani ya mfumo wa limfu inayokua kwa kasi) hatapona. Asanteni kwa majibu na dua. Amemaliza dawa, na vipimo vya mwisho havikuonyesha uvimbe.

Daktari alinifafanulia vizuri. LDH hutoka kwenye seli zinazokufa au kugawanyika kwa kasi, kwa hiyo inapima zaidi wingi wa ugonjwa. Haitoi hukumu. Inasaidia kumpanga mtoto kwenye kundi la tiba, pamoja na hatua ya ugonjwa na vipimo vya uboho na maji ya uti wa mgongo. Kwa kuwa yake ilikuwa juu, aliongezewa rituksimabu, dawa inayolenga seli za saratani hiyo, juu ya kemotherapi. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020 ulihusu watoto wa kundi hili: baada ya miaka 3, karibu 94 kati ya 100 waliopata dawa hiyo walikuwa hawajapatwa na tatizo kubwa kama ugonjwa kurudi au kifo, dhidi ya 82 waliopata kemotherapi peke yake.

Siku za mwanzo ndizo zilinitisha mno. Seli zikifa kwa wingi, asidi ya yuriki, potasiamu na fosfati hupanda na figo huweza kuziba, ndiyo maana alipewa maji mengi ya mshipa na kutolewa damu ya kupima mara kwa mara. Msiwakatalie wauguzi damu hiyo, jamani!

Sasa tunahudhuria kliniki. Burkitt ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza.