Mahafali ya leo: majina ya watoto yamekatishwa njiani, na aliyeyakatisha mnamjua

Wakuu, nimerudi kutoka mahafali ya kidato cha nne jioni hii na hata viatu sijavua. Shule siitaji wala mtu simtaji, kwa sababu kila aliyewahi kuhudhuria sherehe ya shule upande wetu huu wa Mbagala anamfahamu mshereheshaji ninayemzungumzia: yule mwenye koti la kumeremeta, anayecheka peke yake kwenye kipaza sauti mpaka spika zinapiga mluzi.

Bwana huyo alikuwa akisoma majina ya wahitimu kwa alfabeti. Mtoto anapanda jukwaani, anapokea cheti cha shule, anapigwa picha na mzazi wake, anashuka. Alipofika herufi M alitazama saa, akaikunja karatasi ya majina mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa koti na kutamka: "Waliobaki watachukua vyeti vyao ofisini Jumatatu." Jina la mdogo wangu linaanza na herufi S. Alikuwa kwenye foleni, joho limepigwa pasi tangu usiku, na mama yetu amesimama chini ya jukwaa na shada la kumvisha.

Ofisini Jumatatu!

Na muda uliliwa na nini? Kadi ilisema saa nne asubuhi, mgeni rasmi akaingia saa nane mchana. Ikafuata keki yenye ghorofa nyingi kuliko Kariakoo nzima, ambayo meza kuu ililishwa mmoja baada ya mwingine, na kila aliyefungua kinywa alitajwa jina, cheo na mtaa anaoishi. Kisha ikaja harambee ya tangi la maji, ambamo aliyeahidi alishangiliwa kuliko aliyetoa. Hapo karatasi haikukunjwa. Ilikunjwa zamu ya watoto ilipofika, watoto wenyewe wakitazama.

Asitokee mtu wa kuniambia kwamba hili ni jambo dogo. Matokeo ya Baraza la Mitihani yakibandikwa, yanaonyesha namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, divisheni na alama za masomo, jina halimo. Tangu Januari 2023 Baraza limeacha pia kutangaza wanafunzi kumi bora, kwa hiyo hata atakayepata divisheni ya kwanza ya pointi saba hatasikia jina lake redioni kama walivyosikia waliomtangulia. Mahafali, wiki chache kabla ya mtihani wa Novemba, ndipo mtoto wa muuza genge anapoitwa kwa majina yake matatu mbele za watu na mama yake akasikia. Mchango wa mahafali tulilipa sawasawa, wa herufi A na wa herufi S.

Nilipomwuliza mwalimu wa nidhamu, alijibu kwamba ratiba anayo mshereheshaji. Nilipomwendea mshereheshaji, alikuwa anakula pilau, na karatasi ile ilikuwa bado imechungulia mfukoni. Mama hakuuliza kitu. Alimvisha mdogo wangu shada nyuma ya turubai, karibu na masufuria ya wapishi, akapiga kigelegele kimoja peke yake.

Mzee wa Tandika: Namfahamu sana. Katika mahafali ya binti yangu alimwita mwanafunzi bora wa Fizikia, kisha akaomba makofi kwa mzazi aliyetoa spika, mtoto akabaki jukwaani ameshika mkebe na kamusi hajui ashuke au abaki.

Binti Kigamboni: Mleta uzi, pole, lakini unalia kana kwamba cheti umenyimwa wewe. Mtoto ana mtihani mbele yake, mwache asome, nawe uvue viatu upumzike.

Mleta uzi: Viatu si hoja, dada yangu. Hoja ni kwamba aliikunja karatasi, tena mara mbili, ilhali watoto wamesimama mbele yake.

Kiranja Mstaafu: Ninyi mna bahati kwa kufika herufi M. Sisi tulishinda kombe la mpira wa wavu la UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya, likafungiwa kwenye kabati la ofisi ya mkuu wa shule, na ubao uliokuwa na majina ya manahodha ukapakwa rangi ili ubandikwe ratiba ya usafi.

Mtoto wa Temeke: Kombe lenu angalau lipo kabatini. Siku ya mtihani wa mwisho tulisainiana mashati, kama ilivyo desturi, na mwalimu wa zamu akayakusanya getini akidai ni mali ya shule, wakati mashati hayo yalinunuliwa na wazazi wetu.

Mwalimu Mstaafu, Ilala: Mashati yanazuiwa kwa sababu wapo wanaoandika matusi mgongoni. Na kuhusu kumi bora, ninaunga mkono kuondolewa kwake, kwa kuwa ilikuwa imegeuka tangazo la biashara la shule za ada kubwa.

Mzee wa Tandika: Mwalimu, hapo sikubaliani nawe. Kumi bora ndiyo iliyomfanya mwanangu awashe taa saa kumi alfajiri.

Mtoto wa Temeke: Shati langu halikuwa na tusi hata moja. Lilikuwa na saini za darasa zima na ya mwalimu wa Jiografia, na ninalidai mpaka leo.

Kiranja Mstaafu: Ukienda kulidai, nipitie. Ufunguo wa lile kabati ninajua anautunza nani.