Pafyumu nyepesi za maua: ulitoa hela ngapi, na ilistahili? Tupeane uzoefu

mamamapacha
Habari za jioni wapendwa. Leo nimepanda lifti ya kazini, kuna dada kashuka ghorofa ya tatu kaniachia harufu yake, ya maua mepesi, ile kama asumini umeichuma alfajiri bado ina umande, nikajikuta nimesimama tu mpaka nikapitiliza ghorofa yangu. Nikakumbuka pafyumu yangu ya kwanza ya maana, Anaïs Anaïs, ile chupa nyeupe yenye picha ya maua, aliniletea shangazi kutoka Uingereza niko kidato cha sita, nilikuwa napulizia Jumapili tu na nikaenda nayo miaka miwili. Sasa nataka kujinunulia tena kitu cha namna ile. Chepesi, cha maua, sio hizi za vanila na karameli zinazoingia chumbani kabla ya mwenyewe. Dukani nimetajiwa laki tatu na ishirini kwa ml 50, na ni eau de toilette. Mkono uko kwenye pochi, moyo unasita. Mlionunua za bei hizo tuambieni ukweli, zinakaa? Zinastahili?

kilua
Usinunue kitu hujashinda nacho mwilini siku nzima. Basi.

dada_wa_msimbazi
Mama mapacha pole na lifti. Mimi nauza pafyumu za kupima mwaka wa nane huu nikwambie ninayoyaona. Mteja anakuja ananusa karatasi dakika moja analipa, kesho yake ananirudia "dada umeniuzia maji". Kumbe kile kilichomkamata dakika ile sio ua. Mwanzoni kinachokupokea ni limau, bergamoti (tunda la jamii ya limau na chungwa), vitu vya kijani kijani, na hivyo vinaruka, robo saa mpaka nusu saa vimekwenda, na joto letu hili ndo usiseme. Maua yenyewe yanakuja nyuma yake, afu mwisho unabaki na miski na mbao. Halafu eau de toilette mafuta yake ya harufu huwa kama asilimia 5 mpaka 15, inayobaki ni spiriti na maji, eau de parfum ndo inapanda 15 mpaka 20. Kwa hiyo ukinunua ya maua mepesi, tena toilette, usitegemee ikufikishe jioni. Haikuumbwa hivyo. Mimi wateja wangu nawaambia chukua ml 5, vaa wiki, ukiona bado unaitamani ndo uende kwenye chupa.

Bint Mkunazini
Laki tatu na ishirini jamani! Bibi yangu alikuwa anashona kikuba kila Alhamisi jioni, asumini, rehani, mkadi, mawaridi, akilipata na ua la kilua anachomeka katikati, kinawekwa kifuani kwenye kanga au nyuma ya nywele, na usiku ukilalia mto ule unaamka asubuhi nyumba nzima inanukia. Mpaka leo asumini tunanunua kwa kipimo cha kikombe hela ya maandazi. Hakuna chupa iliyowahi kunipa ile kitu, na nimenunua nyingi.

Fundi Saa
Bint Mkunazini na kikuba utaingia nacho kwenye intavyuu ya benki Dar?

Bint Mkunazini
Naingia nacho, na nimeingia nacho, na kazi nikapata. Usidharau vya watu kaka.

Fundi Saa
Sijadharau dada samahani, nimeuliza tu kwa sababu mke wangu anavitaka na anaona aibu ofisini.

mtoto wa Chake
Hapo kwenye bei niwaambie kitu, mimi nimekulia Pemba karibu na kile kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) pale Wawi. Langilangi ile tunayochuma sisi ndo hiyo hiyo wenzetu wa Ngazija na Nzuwani wanapeleka Ulaya, Wakomoro ndo wanaoongoza duniani, na imo kwenye pafyumu ya Chanel No 5 tangu 1921. Maua yanachumwa asubuhi na mapema na yanatakiwa yaingie kwenye mtambo siku hiyo hiyo. Sasa sikilizeni, mafuta yanayotoka saa za mwanzo za kuyatonesha ndo yenye ua lenyewe, hayo ni ghali, wanayaita ekstra. Ukiendelea kuchemsha yanatoka ya daraja la kwanza, la pili, la tatu, mazito, harufu inazidi kuwa ya majani na mti. Ua moja, siku moja, mtungi mmoja, bei nne. Kwa hiyo mtu akisema "zote ni langilangi tu" mwambie aje Pemba anuse mwenyewe.

muscat_mpaka_mwanza
Nakubaliana na mtoto wa Chake. Huku Oman waridi la Jabal Akhdar linachumwa kuanzia Machi mpaka Mei tu, nilienda mwaka jana, wanachuma kabla jua halijawa kali wanatonesha marashi kwenye majiko ya udongo, yana kamoshi ndani yake. Na mafuta ya waridi yenyewe (sio marashi ya maji) kilo moja inakula tani tatu mpaka tano za petali. Ukiona pafyumu ya elfu kumi na tano imeandikwa "waridi asilia" jiulize.

Kijana wa Nyali
Sasa hapa ndo napinga. Bei kubwa sio maua, bei ni chupa, boksi, tangazo na yule mwigizaji kwenye bango. Chukua pafyumu ya Diorissimo ya 1956, ile inanukia muguet, lile ua dogo jeupe la Ulaya kama kengele, lile ua halitoi mafuta ya kutumika, Edmond Roudnitska aliitengeneza harufu yake kwa kupanga vitu vingine. Ua hilo halimo mle. Kwa hiyo unalipia nini?

kilua
Unalipia huyo aliyepanga. Roudnitska aliyapanda hayo maua bustanini kwake ayanuse ayaelewe. Fundi anayekushonea gauni naye hakufuma kitambaa, mbona unamlipa?

Kijana wa Nyali
Fundi wangu hanichaji elfu kumi na nane za Kenya kwa kitu kinachoisha saa sita mchana.

kilua
Basi nunua udi kaka, udi unakaa. Ukitaka ua, ua linanyauka.

dada_wa_msimbazi
Msigombane, wote mnasema kweli. Na mjue pia pua yako mwenyewe inachoka, unadhani imeisha kumbe wenzio bado wanaisikia. Muulize mtu kabla hujajimwagia tena.

shemeji wa Tanga
Nilikuwa nasoma kimya kimya lakini mada imenigusa kidonda acha niseme. Mwaka juzi mke wangu alikuwa anatimiza miaka 35. Miaka yote namnunulia kitenge au kiatu, mwaka ule nikasema huyu mwanamke kanizalia watoto watatu na hajawahi kumiliki pafyumu yenye boksi lililofungwa nailoni, acha nijikusanye. Miezi minne naweka kidogo kidogo. Nikaja Dar kikazi nikaingia dukani nikamwambia yule kijana nataka ya kike, nyepesi, ya maua, isimuumize kichwa maana ana kipandauso. Karatasi za kunusia zilikuwa zimemwishia, akaanza kunipulizia mimi. Mkono wa kushoto, mkono wa kulia, kiwiko, ngozi ikaisha akahamia kwenye shati, ya nne kola ya kushoto, ya tano kola ya kulia. Nikachagua ya nne, laki tatu na themanini, ilikuwa inanukia kama bustani imetoka kunyeshewa. Jioni nikapanda basi. Nilivyofika Tanga nikampitishia zawadi rafiki yangu mwenye duka la dawa aniwekee, siku ya mke wangu ilikuwa bado siku tano.

Nafika nyumbani saa tano usiku. Kanipokea begi, kanisogelea, kasimama. Hakusema neno. Akaniambia vua shati nikalifue, nikamvulia. Hakulifua. Alilitia kwenye mfuko wa nailoni akapiga mafundo mawili akaliweka juu ya kabati, mimi sijui.

Kesho yake haongei. Keshokutwa haongei. Siku ya tatu narudi kazini nakuta mama mkwe yuko sebuleni kafika kutoka Muheza, na shemeji yangu mkubwa, na mshenga wetu. Kikao. Naambiwa nieleze mwanamke wa Dar ni nani. Naeleza nilikuwa dukani nanunua zawadi, wananiuliza zawadi iko wapi, nasema iko kwa fulani, shemeji akasema "umempa fulani akutunzie uongo". Mama mkwe akaagiza ule mfuko uletwe. Ulipofunguliwa ndugu zangu, siku tatu zimepita, harufu ikajaa sebule nzima, watoto wakatoka chumbani kuuliza mama kanunua nini.

Rafiki yangu akapigiwa simu akaleta boksi na risiti. Mke wangu akafungua mkono unatetemeka, akapulizia mkononi, mama mkwe akanusa mkono, akanusa shati, akanusa mkono tena, akasema "hii siyo." Nilihisi miguu haipo. Maana ni kweli haikuwa hiyo! Ile ya laki tatu na themanini ilikuwa kola ya kushoto na kola ya kushoto ilikuwa haina kitu, imeshatoka, iliyobaki inapiga kelele ni ya tano, ambayo sikuinunua. Sasa nani atakuelewa ukianza kueleza habari za kola?

Kilichoniokoa ni namba ya simu ya duka kwenye risiti. Nikapiga, nikaweka spika, nikasema tu mimi ni yule baba wa Tanga wa juzi, kijana wa watu akaitikia "ahaa baba niliyekupulizia kwenye shati, mama kaipenda? Nilikwambia ile ya mwisho ya elfu arobaini na tano ndo inakaa, wewe ukang'ang'ania nyepesi." Sebule kimya. Mshenga akaanza kukusanya kofia yake. Mama mkwe akaniangalia akasema "baba, mbona umeacha linalokaa ukachukua linalokimbia?"

mamamapacha
Shemeji!!! Nimesoma nimesimama jikoni wali umeungua.

Bint Mkunazini
Mafundo mawili. Huyo mwanamke nimempenda.

Fundi Saa
Pole sana kaka, mimi ningezimia. Ila ile ya tano inaitwaje?

Kijana wa Nyali
Si nilisema? Elfu arobaini na tano imeishinda laki tatu na themanini, kesi imeisha.

kilua
Imeishinda kukaa, haijaishinda kunukia. Alinusa zote tano akiwa na akili timamu akachagua ya nne. Soma vizuri.

mtoto wa Chake
Na kitambaa kinashika harufu kuliko ngozi, tena kwenye nailoni. Hapo hata toilette mbona ingekuwepo, labda alipulizwa kidogo.

nesi_wa_zamu
Naomba nirudishe mada kidogo kwa ajili ya mama mapacha. Mimi nilikuwa na kolonji ya bergamoti na maua ya mchungwa, nikawa naipulizia shingoni kila asubuhi halafu natembea juani mpaka kituoni. Baada ya muda nikaota mabaka meusi yameshuka shingoni kama maji yalivyotiririka. Daktari wa ngozi akaniambia ni bergamoti na jua. Yamechukua karibu mwaka kufifia na niliyaficha kwa mtandio hadi kwenye harusi ya mdogo wangu. Pulizia sehemu isiyoona jua.

Bint Mkunazini
Kwenye mtandio basi.

dada_wa_msimbazi
Mtandio wa hariri itaacha doa. Paka mafuta ya mgando kidogo kwenye kifundo cha mkono ndo upulizie juu, ngozi kavu inainywa.

Fundi Saa
Mafuta ya mgando yanabadilisha harufu, mimi nimejaribu. Mke wangu anaweka chupa kwenye friji.

mtoto wa Chake
Friji sio lazima, kabatini gizani inatosha. Usiache tu kwenye gari au dirishani, jua na joto vinaua.

muscat_mpaka_mwanza
Nunua ya mafuta, haina spiriti, unasali nayo bila wasiwasi.

kilua
Hilo la spiriti masheikh wenyewe wametofautiana, tusilifungue hapa.

mamamapacha
Nimewasikia wote asanteni. Nitaanza na ml 5 kwa dada wa Msimbazi, nije PM? Ila nikiri hata hadithi ya shemeji haijanitoa hamu ya ile ya dukani. Shemeji hujatujibu, mkeo anaitumia? Na ya tano ilikuwa ipi?

shemeji wa Tanga
Jina la ya tano sikulishika, chupa nyekundu ya Dubai, mama mkwe nilimnunulia Idi iliyofuata na mpaka leo anaitumia, ukifika Muheza unajua yupo nyumbani kabla hujapiga hodi. Mke wangu ile ya kwake anayo, imebaki robo. Hatoki nayo. Anapulizia jioni akishaoga, halafu ananiita nikae karibu upesi kabla haijaisha.