Naomba ushauri: kuwafundisha wanaoanza kutofautisha uchachu na ukakasi wa mvinyo

Wakuu, habari zenu. Naandaa meza ya kuonja mvinyo kwa watu sita wanaoanza. Chupa ni za Dodoma: mweupe wa zabibu aina ya Chenin Blanc, kisha mwekundu mkavu (usio na utamu) wa zabibu aina ya Makutupora. Kila glasi mililita 50. Mweupe nyuzi 8 hadi 10, mwekundu 16 hadi 18. Kwa joto letu mwekundu nao unahitaji karibu saa nzima kwenye friji. Ukimiminwa na nyuzi 28, pombe inapanda puani na kufunika harufu ya tunda.

Shida iko hapa: wengi huita kila kitu "uchungu". Uchachu hujaza mate mdomoni. Ukakasi wa tanini (dutu zitokazo hasa kwenye maganda na mbegu za zabibu) hukausha fizi, kama ndizi mbichi. Nafikiria vikombe viwili vya mazoezi: maji yenye matone ya limau, na chai ya rangi iliyokaa na majani dakika 10, bila sukari.

Je, vitangulie, au limau litaufanya mweupe uonekane umepooza? Mkate mtupu na maji vinatosha kusafisha ulimi? Na harufu ya kizibo chenye kuvu, ile ya kadibodi iliyolowa, mnaionyeshaje bila chupa mbovu?