Watoto wa majabali ya Mwanza tunataka kuingia korongo la Engare Sero, tunajidanganya?

Jabali la Igogo:
Wakuu habari za mchana. Tupo sita, wanne tumekulia Igogo wawili Mabatini, yani sisi kupanda na kushuka mawe ndo ilikua njia ya kwenda dukani, ndoo ya maji kichwani na ndala miguuni, mpira ukidumbukia katikati ya majabali tulikua tunatumwa sisi kwasababu tulikua wembamba. Sasa mwenzetu anaoa Arusha wiki mbili baada ya Pasaka, na harusi ikiisha tuna siku mbili za bure, ndo wazo likaja twende kule Ziwa Natron tukatembee ndani ya korongo la Engare Sero mpaka kwenye maporomoko.

Shida imeanzia kwa jamaa yetu mmoja, kaangalia video za wazungu wa Marekani wanashuka makorongo ya jangwani kwa kamba, basi kichwa kimepata moto, kaenda Mwaloni pale soko la samaki karudi na kamba ya manila ile ya kufungia mitumbwi, mita 30. Jumapili tukaijaribu kwenye jabali nyuma ya kwao. Kaifunga kwenye mwembe, kajizungushia kiunoni, kaanza kushuka anachekelea, kufika katikati kamba ikaanza kumuunguza viganja akaiachia, akaja na makalio mpaka chini. Suruali imebaki nusu. Mjusi kafiri alikua kakaa pembeni anatikisa kichwa tu, na mama mwenye nyumba katoka na mwiko.

Toka siku hiyo tumegawanyika, watatu wanasema kamba iende watatu wanasema ibaki. Naombeni waliofika: lile korongo linataka kamba? Siku moja inatosha? Na tubebe nini?

Mdau wa Luchelele:
Mkuu nimecheka mpaka nimepaliwa. Nilienda mwezi wa saba mwaka juzi na washkaji wa kazini, kamba hatukuigusa. Njia wanayopitisha wageni wa kawaida ni kutembea, kuvuka mto mara kadhaa, na sehemu chache za kukwea mwamba huku umeshikwa mkono.

Tulilala Mto wa Mbu tukatoka saa kumi na moja alfajiri. Barabara ni zaidi ya kilomita 100 za vumbi na mawe, weka masaa matatu manne, na tembea na keshi maana njiani kuna kulipia. Kijijini mnachukua kijana wa Kimasai wa kuwaongoza. Wa kwetu alikua amevaa katambuga za tairi, sisi raba mpya za dukani, na mkuu kwa aibu nasema yule hakuteleza hata mara moja na mimi nimeanguka mara tatu.

Apo ndo nataka mnielewe watu wa Igogo. Jiwe la kwetu ni granaiti, linashika mguu kama msasa, unapanda hata peku. Kule ni miamba ya volkano, maji yamelamba kwa miaka na miaka, na ile iliyo majini ina utelezi wa kijani kama sufuria la bamia. Ule ujuzi wetu wa kukimbia juu ya mawe ndo unaokuangusha, mguu unaamini kitu ambacho hakipo. Nenda taratibu, ukiona mwongozaji kakanyaga apa na wewe kanyaga apo apo.

Ila ni kuzuri jamani. Nje ni jangwa tupu, jua linachoma kwenye utosi, ukiingia ndani kuta zimepanda juu huku na huku, mikindu imeota pembeni, maji yanafika kiunoni mkoba umeuweka kichwani kama unatoka kisimani, alafu mwisho maporomoko unakaa chini yake yanakupiga mabega mpaka unasahau mikopo. Simu yangu ndo ilifia pale, ifungeni kwenye mfuko wa nailoni mara mbili.

Kurudi tukaenda kuangalia flamingo na zile nyayo za watu wa kale, zipo zaidi ya 400 kwenye majivu ya volkano yaliyoganda. Joto usipime, ziwa lipo mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari wakati sisi Mwanza tupo 1,100 na kitu. Lita nne za maji kila mtu. Chakula bebeni matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, hayaharibiki na joto na yanashibisha, chipsi zetu zilikua zimechacha saa sita.

Nyar Kisumu:
Mimi ni jirani wa huku Kisumu. Majirani, kabla mzungumzie viatu, mzungumzie mvua. Hell's Gate pale Naivasha 2012 vijana saba walibebwa na maji ndani ya korongo, na 2019 ikatokea tena. Jua inaweza kuwa inawaka hapo ulipo na maji yako njiani yanakuja. Hiyo wiki mbili baada ya Pasaka ni mvua ya masika, ama huko kwenu kalenda ni tofauti?

Mtoro wa Nyegezi:
Huyo dada wa Kisumu kasema nilichotaka kusema. Mimi nipo Utah, Marekani, mwaka wa sita, kwetu Nyegezi, na hiyo michezo ya jamaa yenu ndo ya wikiendi huku kwa washkaji zangu kwaiyo ngoja niongee kidogo.

Huku makorongo mengine ni membamba sana, unapita kiubavu mkoba unauburuza, ukiangalia juu mbingu ni uzi tu. Siku ya kwanza nilidhani ni mambo ya kamba na misuli. Kumbe siku nzima ni hesabu ya maji. Asubuhi kabla ya chai kiongozi anaangalia hali ya hewa, sio ya pale, ya kule juu mto unakotoka. Mwaka 1997 kule Antelope Canyon, Arizona, watalii 11 walikufa kwa mvua iliyonyesha mbali, wao juu yao hakukua na shida. Mwaka 2015 watu saba waliingia korongo la Keyhole ndani ya hifadhi ya Zion huku Utah wakiwa na vibali na kamba zao, hakutoka hata mmoja. Mto wa Engare Sero nao unashuka kutoka nyanda za juu, ukiwa chini huoni kinachoendelea huko.

Kitu cha pili ambacho video haikuonyeshi. Kamba wanaipitisha kwenye nanga, yani pale juu inaposhikiliwa kwenye mwamba au mti, wanashuka wote, alafu mtu wa mwisho akishafika chini wanaivuta. Mara ya kwanza niliposikia ule mlio wa kamba inapita juu ikaanguka miguuni kwangu, pwaa, tumbo lilikaza, kwasababu pale hakuna kurudi ulikotoka, ni kwenda mbele mpaka utoke, iwe kuna dimbwi iwe kuna giza. Na madimbwi yenyewe hayaoni jua, ni baridi ya kutetemesha meno katikati ya jangwa, watu wanavaa nguo za kuogelea za mpira.

Manila ya Mwaloni inafaa sato na sangara. Mtu anashuka kwa hanesi, ile mikanda ya kuvaa kiunoni na mapajani, kofia ngumu na kifaa cha kubana kamba kinachopunguza kasi, mikono yake haibebi uzito. Huyo mwenzenu ana bahati kaunguza viganja tu.

Mjomba Capripoint:
Hela ya mafuta yote hiyo na kisiwa cha Saanane kipo apo, boti dakika chache, mawe yapo, pimbi wapo, jioni upo kwako unakula sato. Vijana mna nguvu.

Mama Kulwa:
Mjomba kaa kimya waache watoto watembee 😂 Ila wewe Jabali, kwenye hao sita nani hajui kuogelea? Kukaa ufukweni sio kuogelea, nina wanaume wawili ndani ya nyumba yangu wamezaliwa Kirumba na wakifika kiunoni wanapiga kelele.

Jabali la Igogo:
Mama umetupata, wawili hawajui, na mmoja wao ndo mwenye kamba.

Basi wakuu tumekaa jana usiku tukasoma majibu yote kwa sauti. Harusi haihamishiki, bwana harusi kashalipia ukumbi. Tumekubaliana korongo tusogeze mwezi wa nane, na hizo siku mbili za masika tutazurura Arusha tu. Mdau wa Luchelele nitakutafuta kuhusu katambuga. Mtoro, jamaa kasoma ule mstari wa kamba kuvutwa, kanyamaza kama dakika tano alafu kauliza kama hanesi zinapatikana Arusha, kwaiyo ugonjwa bado upo.

Kamba kairudisha Mwaloni leo asubuhi. Kauza nusu bei, mnunuzi kaikagua akakuta ina kipande cha suruali.