Tupeane uzoefu: kwadi ya mtoto inakosa sailensi, kabureta ilikusumbuaje?

Wa Mikanjuni (mwanzisha uzi)
Wadau wa Tanga na majirani zetu, habari za jioni. Wenye kwadi za watoto, hizi pikipiki ndogo za matairi manne, tukutane hapa. Kila mtu aeleze yake ilikuwa na dalili gani na dawa ilikuwa nini.

Naanza mimi. Yangu ni 110cc, otomatiki, kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ya PZ19. Ilikuwa inawaka kwa choki tu; ukirudisha choki, inazima. Nilipoipeleka kwa fundi alikaza skrubu ya sailensi, yaani mlio wa chini injini ikiwa imeachiwa resi, ikaacha kuzima. Lakini ilipofika nyumbani ikawa inasogea yenyewe hata mkono haujagusa resi. Hapo ndipo nilipokataa. Klachi ya hizi kwadi hushika injini ikizunguka kwa kasi: viatu vyake hutanuka vikabana ngoma, na chombo kinaondoka. Sailensi ikiwa juu, mtoto amekaa kwenye kitu kinachotaka kwenda muda wote, na akishtuka anakamata usukani, hakumbuki breki. Kwa hiyo kwangu hiyo si tiba hata kama injini inaunguruma vizuri.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa jeti ya slow (jeti ni kipande chenye tundu la kupitishia petroli), ile ndogo iliyojificha pembeni ya jeti kubwa. Kwadi ilikaa msimu wote wa masika bila kuwashwa, petroli ikakauka ndani ya kikombe cha kabureta ikaacha utomvu wa njano. Tundu la jeti hiyo ni dogo mno, haliruhusu uchafu hata kidogo. Ndiyo maana ilikuwa inakimbia vizuri ukivuta resi, kwa sababu hapo inakunywa kupitia jeti kubwa, lakini ukiachia inakosa chakula.

Fundi wa Ngamiani
Umesema kweli mkuu. Nyongeza yangu ni kwenye kusafisha. Msizibue jeti kwa sindano wala waya wa chuma. Jeti ni shaba, tundu likipanuka injini itakunywa mafuta kuliko inavyotakiwa na hutapata sailensi tena mpaka ununue jeti nyingine. Mimi natumia uzi mmoja wa katani, hapa kwetu haukosekani, halafu naloweka kwenye dawa ya kabureta na kumalizia kwa upepo wa kompresa. Ukiinua jeti kuelekea mwanga, lazima uone duara safi. Na mpulize pia njia zilizo ndani ya mwili wa kabureta. Wengi wanasafisha jeti, njia wanaiacha imeziba, halafu wanasema kabureta imekufa.

Kuweka sawa: injini iwe imepata moto. Ile skrubu ndogo ya mchanganyiko ifunge taratibu mpaka iguse, usiikaze, kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu. Ndipo uongeze au upunguze kidogo kidogo mpaka isikike imetulia, halafu ushushe sailensi kwa skrubu kubwa. Ikiwa skrubu ndogo iko upande wa eyaklina (chujio la hewa), inaruhusu hewa, ukiifungua mchanganyiko unakuwa mwepesi. Ikiwa upande wa injini, inaruhusu mafuta, kwa hiyo mambo ni kinyume. Sailensi nzuri kwa 110 ni kama mizunguko 1,500 kwa dakika, na matairi ya nyuma yakiinuliwa, breki ikiguswa kidogo yasimame.

Mama wa Sahare
Asante fundi. Yetu ilikuwa tofauti: ikiachiwa resi, mlio ulikuwa unakawia kushuka, kisha unapanda wenyewe. Kabureta ilishasafishwa mpaka tukachoka. Kumbe ilikuwa inavuta hewa kwenye kiungo kati ya kabureta na injini, raba ya duara ilikuwa imekatika. Kaka yangu aliipata kwa kupaka maji ya sabuni pale kwenye kiungo injini ikiwa inanguruma, mlio ukabadilika hapo hapo. Wengine hupuliza dawa ya kabureta, lakini hiyo inashika moto, na ekzosi iko jirani. Sabuni inatosha.

Wa Raskazone
Dada wa Sahare, mlio kupanda wenyewe una sababu nyingine rahisi. Pindeni usukani kushoto na kulia injini ikiwa inanguruma. Mlio ukipanda, ni kebo ya resi imebanwa au imekazwa mno. Yetu ilikuwa hivyo baada ya kubadilishiwa usukani. Chumvi ya bahari nayo inaitia kutu kebo kwa ndani, haitelezi.

Wa Muheza
Shikamooni wakubwa. Mimi nina ile ndogo ya 49cc, ya kuvuta kamba, mafuta yanachanganywa na oili. Wakuu, kipimo kisikisiwe. Kwenye kitabu cha yangu ni 25 kwa 1, yaani lita moja ya petroli kwa mililita 40 za oili ya tustroku (injini za mipigo miwili). Jirani alikuwa anazidisha akiamini anailinda injini. Plagi ikawa inalowa nyeusi, inamisi, inazima kwenye sailensi, na lawama zote zikaenda kwa kabureta.

Wa Mikanjuni
Marahaba. Hiyo ya plagi ni muhimu. Na kama inawaka vizuri halafu inakufa baada ya mzunguko mmoja uwanjani, legezeni mfuniko wa tanki kwanza. Kitundu cha hewa kikiziba, petroli haishuki.

Wa Pangani
Kwa nini msinunue kabureta mpya tu? Za Kichina si ghali.

Fundi wa Ngamiani
Ndugu, mpya nayo itaziba kama tanki lina kutu na hakuna filta. Halafu si kila ugonjwa uko pale. Injini nyingi za 110 za kwadi zimefuata muundo wa Honda Super Cub, ile iliyoanza kuuzwa 1958, na valvu zake hubana taratibu kadiri inavyotumika. Inawaka ikiwa baridi, ikipata moto inakosa sailensi. Nyingi zinataka nafasi ya valvu ya milimita 0.05, ipimwe injini ikiwa imepoa kabisa. Nimerudishia watu kabureta zao mpya mkononi baada ya kurekebisha valvu peke yake.

Mama wa Sahare
Fundi, tukisafiri mwezi mzima tuiacheje?

Fundi wa Ngamiani
Funga koki ya mafuta, iache ingurume mpaka izime yenyewe, kisha legeza skrubu ya chini ya kikombe umwage kilichobaki. Mkirudi, wekeni petroli mpya. Na kile kikamba cha kuzimia injini kinachofungwa kwa mtoto, kijaribuni kabla hajapanda: kivuteni muone kama inazima kweli.