Naombeni ushauri: saladi ya tambi za pakiti inalegea kabla haijaliwa

Kabichi_Tamu: Wakuu, habari za muda huu. Kuna ile saladi ya kabichi na karoti inayochanganywa na tambi za pakiti (zile za kuiva haraka, zenye kipakiti cha viungo ndani) zikiwa kavu hivyo hivyo, unazivunja tu bila kuchemsha. Naipenda kwa sababu haichukui muda na inalia mdomoni. Shida ni kwamba nikishamwaga sosi, muda si mrefu tambi zinalegea na chini ya bakuli panajaa maji. Jumamosi nina wageni na chakula kitakaa mezani. Nifanyeje? Halafu, kula tambi bila kuchemsha hakuna madhara?

Sufuria_Nzito: Mkuu, hayo maji ni ya kabichi. Ikikutana na chumvi inayatema. Sasa yatoe mapema wewe mwenyewe: katakata nyembamba, nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu kabichi, acha kama dakika 20, kisha ikamue kwa mikono kwa nguvu zote. Karoti haina usumbufu huo. Kwenye sosi usitie chumvi tena mpaka uonje.

Bi_Mwiko: Kabichi_Tamu mpenzi, tambi zikitoka tu kwenye pakiti zinalia, sawa, ila ladha yake ni unga mtupu. Zikaange. Ziponde zikiwa ndani ya pakiti mpaka ziwe vipande vidogo kama maharage, tia kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kwenye kikaango, moto wa wastani, na usiache kukoroga. Zitaanza kuwa za dhahabu kwenye ncha, na harufu itabadilika. Hapo ndipo utie ufuta na lozi zilizokatwa, maana hivyo vinaungua upesi. Zikishakuwa kahawia hafifu zimwage palepale kwenye sinia pana, kwa sababu kikaango cha moto kinaendelea kuzipika hata ukizima jiko. Na tafadhali usizifunike zikiwa na joto! Mvuke wake wenyewe utazilegeza. Zipoe kabisa ndipo uzitie kwenye chombo chenye mfuniko.

Mdau_wa_Jikoni: Kuhusu madhara, ondoa hofu. Tambi nyingi za pakiti zimeshapikwa kwa mvuke kiwandani na kukaangwa kwa mafuta, ndivyo zilivyo tangu mgunduzi wake, Momofuku Ando, alipozibuni huko Japani mwaka 1958. Ila soma pakiti, kuna aina zinazokaushwa kwa hewa na hizo ni ngumu kwa meno. Kile kipakiti cha viungo kina chumvi kali, nusu yake inatosha, na kama umeshaitia kabichi chumvi kiache kabisa. Pia waulize wageni mapema kama kuna asiyepatana na lozi, ufuta au ngano.

Pilipili_Mbichi: Mimi natofautiana kidogo na wenzangu. Robo ya tambi natia mapema pamoja na sosi, zinanyonya ladha na kulainika, zilizobaki namwagia juu wakati wa kula. Ukitafuna unakutana na laini na kavu pamoja.

Bi_Mwiko: Pilipili, kwa nyumbani sawa. Kwa bakuli litakalokaa mezani kwa wageni, mimi ningeweka tambi pembeni, kila mtu ajimwagie kwenye sahani yake.

Kabichi_Tamu: Ahsanteni sana, jamani. Bi Mwiko, vipimo vya sosi tafadhali, kwa nusu kabichi na pakiti mbili za tambi?

Bi_Mwiko: Vijiko vikubwa 4 vya mafuta ya kula, 3 vya siki, 1 cha sosi ya soya, 1 cha sukari, tangawizi mbichi iliyokunwa, na mafuta ya ufuta matone machache tu, yana harufu nzito. Tia vyote kwenye chupa yenye mfuniko utikise mpaka sukari iyeyuke. Onja kwa kuchovya kipande cha kabichi, siyo kwa kijiko, maana sosi peke yake utaiona chachu mno. Unaweza kuitengeneza Ijumaa ukaiweka kwenye friji, tambi pia ukazikaanga siku hiyo. Kabichi ikate Jumamosi.