Majimbo ya Marekani na nishati jadidifu

Muulizaji, Mtwara: Ndugu zangu, sisi huku tunatumia umeme wa gesi ya Mnazi Bay. Naomba kufahamishwa: majimbo ya Marekani huyalazimishaje mashirika ya umeme kutumia jua na upepo?

Mchangiaji, Lindi: Ndugu, sheria ya jimbo hupanga kiwango cha umeme jadidifu, kama wa jua na upepo, ambacho shirika lazima lifikie, na muda wa kukifikia. Iowa ilianza mwaka 1983, na California, kwa sheria ya mwaka 2018, inadai asilimia 60 ya umeme unaouzwa iwe jadidifu ifikapo 2030. Shirika huthibitisha kwa vyeti vya umeme jadidifu, kimoja kwa kila megawati-saa (yaani uniti 1,000) iliyozalishwa, ambavyo linaweza hata kuvinunua kwa mzalishaji mwingine.

Muulizaji: Ahsante sana. Na lisipotimiza?

Mchangiaji, Masasi: Majimbo mengi hulitoza kwa kila megawati-saa iliyopungua, na kwangu hilo ndilo jambo kubwa, kwani tozo ikiwa ndogo kuliko bei ya cheti, shirika litachagua kulipa.